JuJu Watkins Hajapoteza Mwaka

Mwishoni mwa Septemba 2025, JuJu Watkins, gadi (mchezaji wa nje anayepandisha mpira) wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC), alitangaza kwamba hatacheza msimu wa 2025-26. Goti lake la kulia, lililokatika ligamenti ya ACL (utepe unaoshika mifupa ya goti) miezi 6 kabla ya hapo, lingepewa msimu mzima wa kupona. Tangu siku ile wafuatiliaji wa kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani wanavutana. Wapo wanaosikitika kwamba kipaji cha aina yake kimekatwa katikati, na wapo wanaodai kuwa wachezaji wa siku hizi wanadekezwa, kwamba zamani mtu aliumia goti Machi na Novemba yuko uwanjani. Pande hizi mbili zinagombana lakini zinakubaliana katika jambo moja, na hilo ndilo walilokosea: kwamba kuna mwaka uliopotea. Ukizisoma kwa pamoja kanuni za chuo, kanuni za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, na hatua ambazo goti hupitia linapopona, mwaka huo uliopotea huuoni popote.

Tukumbushane tunamzungumzia nani. Watkins alizaliwa 26 Julai 2005, ni mtoto wa Watts, kusini mwa Los Angeles, na alipomaliza sekondari mwaka 2023 aliamua kubaki nyumbani badala ya kwenda vyuo vilivyozoea kubeba makombe. Msimu wake wa kwanza alifunga pointi 920, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika daraja la juu la NCAA, shirika la michezo ya vyuo, zikiwemo 51 alizowatwanga Stanford ugenini tarehe 2 Februari 2024. Msimu wa pili wastani wake wa pointi ulishuka kutoka 27.1 hadi 23.9, lakini mchezo wenyewe ulikomaa. Tarehe 13 Februari 2025 aliwapokea UCLA, ambao walikuwa hawajafungwa na yeyote, akawafunga pointi 38, akachukua rebaundi 11, akatoa asisti 5 na kuzuia mitupo 8. Kuzuia mitupo 8 ni kazi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu. Yeye ni gadi wa sentimita 188 anayepandisha mpira mwenyewe. Mwisho wa msimu alitwaa tuzo za mchezaji bora za AP (shirika la habari), Naismith na Wooden, na alizipokea akiwa tayari ni majeruhi.

Aliumia tarehe 24 Machi 2025, alfajiri ya tarehe 25 kwa saa za Afrika Mashariki, katika mechi ya raundi ya pili ya mashindano ya NCAA dhidi ya Mississippi State. Zilikuwa zimesalia dakika 4 na sekunde 43 katika robo ya kwanza. Alikuwa anakimbia na mpira kuelekea kikapuni katika shambulizi la haraka, walinzi wawili wakambana, akakanyaga ili abadili mwendo, na goti likakataa. Watazamaji wengi walitafuta nani wa kulaumiwa kati ya wale walinzi. Hiyo ni tabia yetu tukiona mchezaji ameanguka, lakini kwa jeraha hili mara nyingi inatupoteza. Sehemu kubwa ya ACL zinazokatika kwenye kikapu hukatika bila goti kugongwa na mtu. Kinachohitajika ni mguu uliokanyaga chini ya kasi, goti likiwa limekaribia kunyooka, mwili ukielekea upande mmoja na goti likiinamia ndani. Wataalamu waliopima picha za video za majeraha ya aina hii wamekadiria kwamba ligamenti hukatika takriban sehemu 40 kati ya 1,000 za sekunde baada ya unyayo kugusa sakafu. Hakuna msuli unaoweza kuitikia wito ndani ya muda huo. Goti linaokolewa na misuli iliyokwisha kukaza kabla ya kukanyaga, au haliokolewi.

Hapo ndipo ugadi unapokuwa na hatari yake ya peke yake, na sijaona jambo hili likipewa uzito unaostahili. Senta anaruka na kutua pale pale, mara nyingi kwa miguu miwili. Gadi kazi yake ni breki. Anakimbia kwa kasi ya juu, anasimama ghafla ili beki apitilize, anatupa. Anadunda kulia, anakata kushoto. Kila tendo kati ya hayo ni mguu mmoja kubeba uzito wote huku kasi ikizimwa, na linafanyika macho yakiwa kwa beki au kwa mwenzake aliyejificha kona, wala si kwenye unyayo wake. Mchezo wa Watkins umejengwa hasa juu ya breki hizo: anaingia ndani kwa nguvu, anasimama mita 4 au 5 kutoka kikapuni, anatupa juu ya kichwa cha mlinzi aliye mfupi kuliko yeye. Ukimwondolea uwezo wa kusimama ghafla unabaki na mtupaji mzuri tu. Kwa hiyo swali la lini arudi linapaswa kuwa swali la lini atasimama ghafla bila kufikiri, na hilo si swali la kalenda ya mashindano.

ACL ni ligamenti fupi, yenye urefu wa kama sentimita 3, inayopita katikati ya goti kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi. Inazuia muundi usiteleze mbele na usijipinde. Ikikatika kabisa, ncha zake huelea katika majimaji ya goti na mara nyingi haziungani zenyewe kwa namna itakayobeba mchezo wa kukata na kugeuka, kwa hiyo mchezaji wa kiwango hiki kwa kawaida hupandikizwa nyingine. Kipandikizi kinachotumika sana kwa wanamichezo vijana huchukuliwa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe: theluthi ya katikati ya kano inayoshuka kutoka pia ya goti, upana wa milimita 10 hivi, ikiwa na kipande cha mfupa kila upande. Daktari anatoboa mifupa yote miwili, anapitisha kipandikizi, anakikaza kwa skrubu. Siku hiyo kinakuwa imara. Lakini kimekatwa kutoka kwenye damu yake, na ndani ya wiki chache seli zake zinakufa. Mwili unaanza kupeleka mishipa mipya ya damu na seli mpya, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 kipandikizi kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji, wakati ambao mgonjwa mwenyewe anajisikia vizuri, hana uvimbe, anapanda ngazi bila magongo. Ni kama mche uliohamishwa kitaluni: majani ni ya kijani na mizizi bado haijashika. Baada ya hapo nyuzi hujipanga upya polepole, kazi inayovuka mwaka mmoja na kwa wengine hufika miwili.

Ndiyo maana miezi inahesabiwa kwa ukali. Utafiti uliofanywa kwa pamoja Oslo na Delaware na kuchapishwa mwaka 2016, ukiwafuatilia wagonjwa 106, ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa asilimia 51. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2014 kwa wanamichezo vijana ulikuta kwamba ndani ya miezi 24 tangu kurudi uwanjani, karibu 3 kati ya kila 10 walikata ACL kwa mara ya pili, na wengi wao waliikata ya goti lililokuwa zima. Takwimu hiyo ya mwisho ingemfanya kila shabiki anyamaze kidogo. Mguu mzima ndio uliobeba kazi ya mguu mbovu kwa miezi, na mwili uliojifunza kumkwepa mgonjwa hausahau haraka.

Miezi peke yake haitoshi. Kabla mchezaji hajaruhusiwa, misuli ya mbele ya paja la mguu ulioumia hupimwa kwa mashine na inatakiwa ifike angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mwingine. Kisha huja vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja: mruko mmoja wa mbali, miruko mitatu mfululizo, miruko mitatu ya kuvuka mstari kushoto na kulia, na kuruka mita 6 huku muda ukihesabiwa. Kuna mtego ndani ya asilimia hiyo 90. Miezi 9 bila mechi hudhoofisha miguu yote miwili. Ukiulinganisha mguu mbovu na mguu mzima uliodhoofika, mgonjwa anafaulu mtihani kwa sababu kipimo kimeshuka. Timu makini hupima nguvu za wachezaji wote kabla msimu haujaanza ili wapate namba ya kweli ya kulinganishia. Na hata aliyefaulu vyote bado hajakutana na kilichomwangusha. Kuruka maabara ukijua utatua wapi ni tofauti na kutua wakati beki wa pili ametokea ambako hukumtarajia. Hatua za mwisho za kumrudisha gadi zinatakiwa ziwe hizo: kukata upande uliopangwa, kisha kukata baada ya ishara ya mwalimu, kisha kukata huku anadunda mpira na kusoma beki wa kweli, kisha mazoezi ya kugusana, dakika chache kwanza. Kila hatua inakula wiki. Goti likivimba asubuhi ya kesho yake, anarudi hatua moja nyuma.

Sasa turudi kwenye kalenda. Miezi 9 tangu Machi 2025 inaishia mwishoni mwa Desemba, na ukihesabu kuanzia upasuaji, ambao huja baada ya uvimbe kupungua, unaingia Januari au zaidi. Wanaotaka arudi walikuwa na hoja ya hesabu: Februari acheze mechi chache za ligi ya Big Ten, Machi awe tayari kwa mashindano ya NCAA, mwaka mzima ukiwa umepita. Hoja hiyo inasahau kanuni moja. Kwa kanuni za msimu huo, mchezaji wa chuo alikuwa na miaka 5 ya kucheza misimu 4, na akikanyaga uwanjani kwa dakika moja tu ya mechi rasmi, msimu huo umehesabiwa. Msamaha wa majeruhi upo, lakini ni kwa aliyeumia katika nusu ya kwanza ya msimu akiwa amecheza si zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Anayerudi Februari hana msamaha. Angekuwa ameuza msimu mzima kwa mechi 10 au 12, nyingi kati ya hizo akicheza dakika za kupimiwa. Kwa kutocheza kabisa, Watkins anabaki na misimu miwili mkononi.

Upande wa WNBA hesabu yake ni nyepesi zaidi. Kwa kanuni zilizokuwepo alipoumia, mchezaji wa Marekani anaingia kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka anaotimiza umri wa miaka 22, au akiwa amemaliza chuo, au ikishapita miaka 4 tangu amalize sekondari. Watkins anatimiza miaka 22 Julai 2027, na alimaliza sekondari 2023. Acheze msimu wa 2025-26 au asicheze, drafti ya Aprili 2027 ndiyo lango lake la kawaida. Mwaka wa kukaa nje haujalisogeza kwa siku hata moja. Kilichobadilika ni kwamba siku hiyo ikifika atakuwa na msimu mmoja wa akiba, na mtu anayeweza kusema “nabaki chuoni” huzungumza na timu kwa sauti nyingine. Ikumbukwe kwamba mwaka 2025 aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti alilipwa mshahara wa dola 78,831, wakati tangu Julai mwaka huohuo vyuo vimeruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kwa chuo, mbali na mikataba ya matangazo.

Hoja iliyo nzito dhidi ya uamuzi huu ni nyingine, na inastahili heshima. Mchezo haujifunzwi gimu. Gadi wa miaka 20 anajifunza kwa kubanwa na walinzi wawili kila usiku, kwa kupoteza mpira dakika ya mwisho na kulala nayo, na hakuna video inayofundisha hivyo. Watkins atarudi Novemba 2026 akiwa na mechi za misimu miwili tu mwilini na akiwa hajacheza mechi rasmi kwa zaidi ya miezi 19. Kutakuwa na kutu, na itaonekana kwanza kwenye pasi: asiyecheza hupoteza ile nusu sekunde ya kujua mwenzake atakuwa wapi. Pia ipo haki ya wenzake waliobaki kubeba timu iliyojengwa kumzunguka yeye. Hayo ni makali ya kweli ya uamuzi, na mtu anayeyataja hana kosa. Nasema tu kwamba kutu hutoka kwa kucheza, na kipandikizi kilichochanika hakirudi kwa kucheza.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba atasahaulika. Jibu lake lilionekana uwanjani wiki moja tu baada ya kuumia. Tarehe 31 Machi 2025 USC, bila Watkins, walitolewa robo fainali na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kwa 78-64, na aliyewafunga pointi 31 ni Paige Bueckers, gadi aliyekosa msimu mzima wa 2022-23 kwa jeraha hilohilo. Historia ya Bueckers ingewekwa ukutani katika kila chumba cha mazoezi. Alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya AP akiwa mchezaji wa mwaka wa kwanza wa chuo. Desemba 2021 alivunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi na kuchanika meniskasi (gegedu la ndani ya goti) katika goti la kushoto, akafanyiwa upasuaji, na mwishoni mwa Februari 2022 alikuwa amerudi. Alicheza kwa ujasiri hadi fainali, UConn wakafungwa na South Carolina 64-49. Agosti mwaka huohuo, katika mchezo wa kawaida wa mazoezi, ACL ya goti lilelile ilikatika. Siwezi kudai kwamba la pili lilizaliwa na la kwanza. Ninachoweza kuonyesha ni alivyorudi mara ya pili, baada ya kutofanya haraka: wastani wa pointi 21.9 msimu wa 2023-24, akishambulia kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 50.

Na alirudi akiwa na kitu kipya. Mwaka wa gimu ulimwongezea misuli ya mabega na mapaja, kiasi kwamba UConn walipokumbwa na majeruhi mfululizo msimu huo, kocha Geno Auriemma alimsogeza karibu na kikapu, akawa anakaba watu warefu na kuwazuia mitupo. Gadi wa 2021 asingeiweza kazi hiyo. Msimu uliofuata, tarehe 6 Aprili 2025, UConn waliwafunga South Carolina 82-59 na kuchukua ubingwa wao wa 12. Aliyetajwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho ni Azzi Fudd, gadi mwenzake, ambaye ACL yake ilikatika Novemba 2023 na akapewa mwaka mzima. Siku 8 baadaye Bueckers alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti na Dallas Wings, na akamaliza 2025 akiwa mchezaji bora chipukizi wa WNBA. Hakuna aliyemsahau.

Wanaomtakia mema Watkins wangepeleka wasiwasi wao mbele kidogo, kwenye daraja kati ya chuo na WNBA. Msimu wa chuo huisha mwanzoni mwa Aprili, drafti inafuata, na Mei ligi inaanza. Caitlin Clark alicheza mechi 39 na Iowa msimu wa 2023-24, kisha mechi zote 40 za Indiana Fever na 2 za mchujo, jumla 81 kuanzia Novemba hadi Septemba bila likizo ya maana. Mwaka uliofuata misuli ilimsumbua akaishia mechi 13. Tangu 2025 timu ya WNBA hucheza mechi 44. Watkins akirudi Novemba 2026 na kuingia drafti ya 2027, atavuka daraja hilo katika kipindi kilekile cha miezi 24 baada ya kurudi, ambacho takwimu zinasema ndicho hatari. Mazungumzo yanayotakiwa sasa na kocha wa USC, Lindsay Gottlieb, na benchi lake ni ya dakika: atacheza ngapi Novemba dhidi ya timu ndogo, atapumzishwa lini zikiwepo mechi mbili ndani ya siku tatu, nani atapandisha mpira ili yeye asiwe anafunga breki kila shambulizi. Na ikifika Aprili 2027 goti likiwa bado linavimba asubuhi baada ya mechi, msimu ule wa akiba upo.